Maana ya Tatu ya Tufaha

Asubuhi ile ukungu uliingia mpaka ndani ya Nyumba ya Kuchekecha. Ulipita chini ya mlango, ukajilaza sakafuni kati ya vigoda, na wachekechaji wakawa kama watu waliokaa juu ya wingu. Walikuwa wanangoja maji ya mabakuli yapate joto. Mtu hatii mkono kwenye ndoto ya baridi. Vidole hufa ganzi, na ndoto yenyewe hukatikakatika.

Yeremia Fungo, ambaye bakuli lake lilikuwa jirani na la Otilia, alikuwa anawachekesha wenzake. Siku tatu mfululizo alikuwa amechekecha ndoto ya mzee mmoja wa kwaya, mwenye sauti nzito na kikoromeo kikubwa.

"Nawaambieni, ugali umenishinda," alisema. "Kila nikimeza tonge nalisikia koo la yule mzee linapanda, linashuka, linapanda, linashuka. Jana mke wangu ananiuliza, wewe Yeremia, umemeza chura?"

Watu wakacheka. Otilia naye alicheka, mkono mdomoni, sauti isitoke.

Neno walilopewa watu wa Makete kuliotea ndoto msimu ule lilikuwa la Kiingereza, epo, yaani tufaha. Walipewa wao kwa sababu matufaha yalikuwa yamebaki huku milimani tu. Kwingine joto liliyamaliza siku nyingi. Lakini Waingereza walikuwa wamelitwisha neno hilo mizigo mingi. Kwanza lilikuwa tunda lenyewe. Ukilitia Adamu, likawa kile kifundo cha koo la mwanamume. Ukilitia jicho, likawa mtu unayempenda kuliko wote. Ilikuwepo hata maana ya nne, jina la utani la mji fulani mkubwa wa ng'ambo, ila Makete nzima hakupatikana mtu aliyewahi kuukanyaga, ikapelekwa kwa wengine.

Miaka hiyo hakuna aliyekuwa anafasiri neno kwa neno. Kila mtu tangu utotoni alikuwa na punje nyuma ya sikio, ndogo kama ya ulezi. Mgeni akisema jambo kwa lugha yake, punje haikwambii alichosema. Inakupa kitu chenyewe. Akitaja mvua, unasikia tone la kwanza kwenye utosi. Akitaja msiba, miguu inakuishia nguvu. Na ili punje iwe na cha kukupa, lazima awepo mtu mahali fulani aliyeishi maana ile kwa mwili wake. Huyo walimwita shahidi. Shahidi alivishwa kofia ya nyuzi, akavuta mvuke kidogo, akaota macho wazi, na ndoto ikateremka kwenye nyuzi mpaka kwenye bakuli la maji mazito. Akiamka hakumbuki kitu. Ndoto ikishatoka imetoka. Na mtu aliyevuka miaka sitini hakuruhusiwa kuivaa kofia mara ya pili, kwa sababu wawili watatu waliojaribu walisahau hadi njia ya kurudi nyumbani.

Kazi ya kina Otilia ilikuwa kutia mikono kwenye bakuli, kuipapasa ndoto, na kuondoa vumbi. Haikutaka shule. Ilitaka vidole tulivu na mtu asiyependa kuongea, na kwa hayo mawili Otilia hakuwa na mpinzani.

Bi Ambwene, msimamizi wao, aliingia amebeba bakuli lililofunikwa kitambaa cheupe. Kicheko kikakatika.

"Maana ya tatu hii," alisema. "Shahidi ni Mama Bupe wa Ivalalila, yule mwenye mashamba ya matufaha. Aliota juzi. Kuna ndugu yake humu? Mtoto, mkwe, hata jirani wa kuazimana moto?"

Sheria ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Ndoto ya ndugu yako huigusi. Bakuli lililoguswa na ndugu humwagwa.

Otilia alikuwa mtoto wa pili wa Mama Bupe. Kwenye karatasi za kazi aliandikwa kwa jina la baba, alilala bwenini, na Ivalalila palikuwa mbali, bonde la tatu kutoka pale, hivyo hakuna aliyejua. Juzi mama alipokuja kuota, yeye alikuwa mapumzikoni. Alitaka kuinua mkono. Mkono ulikuwa pale pajani na haukuinuka. Ilikuwa vilevile siku ile darasa la tano, mwalimu alipomsimamisha ajibu, sauti ikagoma, darasa zima likaangua kicheko, na kesho yake hakurudi tena shuleni. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Lakini chini ya sababu hiyo ilikuwepo nyingine, na aliijua pia. Alitaka kuona.

"Hakuna?" Bi Ambwene aliwatazama mmoja mmoja. "Haya. Otilia, una mikono mizuri. Chukua wewe."

*

Maji yalikuwa na uvuguvugu wa maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Otilia alizamisha mikono mpaka kwenye viwiko, akafumba macho.

Vumbi huja kwanza. Kilikuja kikohozi cha mama, akakitoa kwa vidole viwili na kukidondosha kwenye kopo lililokuwa magotini pake. Likaja goti la kushoto, lile linalomsumbua wakati wa baridi. Ikaja kiu. Ukaja uzito mgongoni, ambao huja kwenye ndoto ya kila mwanamke, akaukusanya bila kuufikiria na kuutia koponi pamoja na vingine. Kitabu cha Kuchekecha kilikuwa kimeutaja wazi, ukurasa wa tisa: uzito wa mgongo usio na sababu, ondoa. Kitabu hicho kiliandikwa mbali, kwenye miji ambayo watoto husukumwa kwa vigari.

Maji yakatulia. Ndoto ikaanza kung'aa.

Ilikuwa shamba la juu, asubuhi, umande bado majanini. Matufaha yalikuwa mekundu upande mmoja tu, ule unaotazama jua. Na katikati ya mwanga huo alikuwepo Bupe, dada yake, wa miaka saba, ndani ya sweta jekundu lililotoboka viwiko. Otilia alilijua vizuri sweta lile. Alilirithi baadaye, likiwa limeshapauka. Bupe alikuwa juu ya ngazi. Aling'ata tufaha, maji yake yakamchuruzika mpaka kidevuni, akacheka na mdomo umejaa.

Ndipo upendo ukaja. Otilia alikuwa amechekecha mapenzi mengi, ya wachumba, ya wajane, hata ya mtu na ng'ombe wake, lakini huu ulimpanda kutoka viganjani mpaka kooni, na nusura atoe mikono. Kila jani la shamba lile lilikuwa linamtazama Bupe. Hata jua lilikuwa limetoka kwa ajili ya Bupe.

Akangoja zamu yake.

Alingoja kwa adabu, kama mtu aliyekaa barazani akijua ataitwa. Alipapasa nyuma ya miti. Alipapasa mlangoni mwa jiko, kwenye moshi, akamgusa hata mbwa, alikuwepo amelala. Alizunguka ndoto yote mara mbili. Yeye hakuwemo.

Akahesabu. Bupe akiwa na miaka saba, yeye alikuwa ameshazaliwa. Alikuwa na mwaka na kitu. Basi mama alimwacha wapi? Alimwacha kwa nani, asubuhi nzuri kama ile?

Tangu Bupe aondoke na chombo cha nne kwenda kuishi Mirihi, miaka minane sasa, nyumba yao ilikuwa ikiishi kwa sauti yake. Mama alikuwa anauliza swali, kisha anakaa kungoja, na jibu linafika chai imeshapoa. Aliyeipasha ile chai ni Otilia. Aliyekata kuni ni Otilia. Hakuwahi kulalamika, na hata sasa hakuwa na hasira.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, laini, kama la mtu anayesinzia. Bupe alikuwa anatoleka. Mchekechaji mzoefu angeweza kumshika chini ya makwapa kwa vidole viwili na kumnyanyua, na shamba lingebaki na mwanga wake, upendo ungebaki umetanda hewani hauna mwenyewe, na kila mtu duniani atakayelisikia neno lile angemweka wa kwake. Nani angejua? Pengine ingekuwa hata bora. Watu wa Mirihi, waliojazana kule kwa lugha zao mia, wangelisikia neno na kumwona kila mmoja mtoto wake. Bupe naye angelisikia siku moja, asione kitu.

Otilia alimshika dada yake chini ya makwapa. Akamnyanyua kidogo kutoka kwenye ngazi.

Bupe akatazama juu. Hakumtazama mama. Macho yake yalipita bega la mama, yakatua nyuma kidogo, na uso wake ukabadilika, ukawa wa utundu. Akaficha macho kwa kiganja. Akafichua. "Kuuu!" Akacheka. Kisha akamega kipande cha tufaha, akakitafuna kikalainika, akakitoa mdomoni, akanyoosha mkono kumlisha mtu juu ya bega la mama.

Mkono ukaishia hewani. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na shimo, na kingo zake zilikuwa zimekatwa vizuri, kwa vidole tulivu.

Otilia alimwachia Bupe. Akafumbua macho, akatazama kopo lililokuwa magotini pake.

*

Makopo humwagwa kwenye kisima cha mkaa kengele ya saa sita ikilia, na mkaa haurudishi kitu. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba imebaki robo saa.

Aliingiza mkono koponi. Akapita kikohozi, akapita goti na kiu. Chini kabisa akaukuta uzito. Ulikuwa na joto. Ulikuwa umefungwa kwa mbeleko, na fundo la mbeleko lilikuwa juu ya titi la mama, limekazwa. Kwenye kiuno palikuwa pamelowa, na mama hakujali. Kati ya mabega palikuwa na mate, na shavu dogo limebandikwa juu yake, na pumzi zilikuwa zinaingia na kutoka kwenye ukosi wa mama, polepole, za mtoto aliyecheka mpaka akaanza kusinzia. Upendo uliokuwa umetanda shambani haukuwa umeanzia kwa Bupe. Ulikuwa unatoka hapa mgongoni, unapita mabegani na kwenda mbele, kama joto la mtu aliyeota moto kwa nyuma.

Angeweza kuurudisha tu, anyamaze. Lakini Bi Ambwene hupitia kila bakuli kabla halijapelekwa, na akikuta uzito wa mgongo atautoa mwenyewe. Ukurasa wa tisa. Ili ubaki, lazima mtu aseme kwamba huu si uchafu, na aseme amejuaje. Na akisema amejuaje, bakuli limeguswa na ndugu. Linaweza kumwagwa lote, Bupe na ngazi na umande, na mama, aliyevuka sitini, havai kofia tena. Akinyamaza, neno litakwenda, zuri vilevile, wala hakuna atakayejua limepungukiwa na nini. Kazi yake itabaki. Bupe atabaki.

Saa ikasogea. Otilia alisikia mtu anaongea, akashangaa ni nani mwenye sauti nyembamba vile.

"Bi Ambwene. Mimi ni mtoto wake."

Vichwa vyote viligeuka. Yeremia alikuwa wa kwanza kupata maneno. "Ameongea! Jamani, andikeni tarehe."

"Yeremia, funga mdomo." Bi Ambwene alikuja akasimama mbele yake. "Mtoto wa nani?"

"Wa shahidi. Mama Bupe ni mama yangu. Ulipouliza sikuinua mkono. Nisamehe, Bi."

"Umeshagusa?"

"Nimegusa. Nimechekecha. Na nilichotoa sicho." Maneno yalikuwa yameshapata mlango. "Huu uzito wa mgongoni, Bi, hauji bila sababu. Ni mtoto. Kila mara ni mtoto. Wanawake wa huku tunabeba, kitabu hakijui. Humo ndani dada anamlisha mtu na mtu hayupo, kwa sababu nimemtoa mimi."

"Na huyo mtu ni nani?"

Otilia alitazama maji. "Ni mimi."

Bi Ambwene alivuta kigoda, akakaa. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa mtu wa kukaa.

"Sasa nijibu hili," alisema. "Unataka kuurudisha kwa sababu ni kweli, au kwa sababu ni wewe?"

Otilia alifikiri. Ingekuwa rahisi kusema la kwanza. "Sijui, Bi. Nadhani vyote viwili. Kidogo kabla ya hapo nilitaka kumtoa dada."

Bi Ambwene akakunja mikono ya koti lake, akazamisha mkono mmoja kwenye bakuli na mwingine kwenye kopo, akafumba macho. Wachekechaji wakaacha kazi. Ukungu ulikuwa umeanza kukimbia, na jua likaingia dirishani likakaa kwenye nywele za msimamizi wao, ambazo zilikuwa na mvi nyingi kuliko walivyodhani.

Alikaa humo muda mrefu. Alipofumbua macho alisema, kama anayezungumza na maji, "Mimi nililelewa kituo cha yatima. Tulikuwa watoto arobaini na walezi wawili. Sikuwahi kujua kwamba inakuwa hivi." Akasafisha koo. "Miaka kumi na moja nasimamia nyumba hii. Nimeutoa huu uzito mara ngapi? Sikuutambua hata siku moja. Nilidhani wanawake wa huku wanaumwa migongo kwa ajili ya kuni."

Yeremia hakuwa na mzaha tena. "Sote, Bi," alisema. "Tumemwaga watoto wa watu kwenye mkaa."

Kengele ya saa sita ikalia. Hakuna aliyeinuka na kopo.

"Sheria inasema nilimwage bakuli," alisema Bi Ambwene. "Iliwekwa ili ndugu asijipake asali kwenye ndoto ya mwenzake. Lakini kilichotoka bado kipo, hakijapotea. Yeremia, wewe si ndugu yake. Njoo uchekeche upya tangu mwanzo, kopo na bakuli. Utakachoona ni vumbi, toa. Utakachoona si vumbi, acha, na ukurasa wa tisa nitaujibu mimi." Kisha akamgeukia Otilia, na sauti yake ikapoa. "Wewe nenda nyumbani, binti. Si kwa sababu ya ulichosema sasa hivi. Ni kwa sababu ya kile ambacho hukusema asubuhi. Hapa mchekechaji akinyamaza, dunia nzima inasikia vibaya."

"Nimeelewa, Bi."

Otilia alikausha mikono, akavaa sweta, akaaga kwa kichwa. Alisimama uani, karibu na birika la maji. Hakuwa na haki ya kungoja jibu, lakini alingoja. Jua lilikausha ukuta kipande kwa kipande. Baadaye dirisha likafunguliwa, Yeremia akatokeza. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliinama mbele kidogo, kama mtu anayepanda kilima, akapeleka mikono nyuma, akaiunganisha chini ya kiuno, na akajitikisa, taratibu, kushoto na kulia.

Kisha akafunga dirisha.

*

Mama alikuwa shamba la juu, anapunguza matufaha machanga, akiacha moja kwenye kila kichala. Alimwona Otilia anapanda, akaendelea na kazi mpaka alipofika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo siyo siku yako ya kuja. Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza."

"Kwa nini?"

"Niliongea."

Mama alimgeukia. "Wewe?" Halafu akacheka, akashika mti asianguke. "Wewe Otilia? Uliongea mpaka wakakufukuza?"

Otilia akacheka naye, na safari hii hakuziba mdomo. Akachukua tawi la pili, wakafanya kazi pamoja, vidole vyake vinajua kipi cha kutoa na kipi cha kuacha. Upepo ulipita majanini. Huko juu, mbali kuliko macho yanavyofika, labda punje zilikuwa zimeshaanza kupokea.

"Hawakuniambia niliota nini," alisema mama baada ya kitambo. "Walinipa chai na mkate, wakanipeleka mlangoni. Nimeuliza, wakasema ni siri ya kazi. Wewe unajua?"

"Ulimwota dada Bupe. Ana miaka saba, yuko juu ya ngazi, anakula tufaha."

Mama aliacha kazi. Uso wake uling'aa, kisha hofu ikaupitia, na alipouliza tena hakumtazama binti yake. Alitazama tawi.

"Na wewe? Wewe nilikuweka wapi?"

"Nilikuwepo."

"Usinidanganye kunifurahisha, mwanangu. Niambie tu. Kama ulikuwepo, ulikuwa unafanya nini?"

Otilia alidondosha tunda changa chini, kwenye majani. Alisikia usingizi mtamu ukimpitia, wa mchana kweupe.

"Nilikuwa nimelala, mama."